Sindano ya Shaba Kitovuni mwa Sanduku

Lamu nilikuwa nimefuata habari nyingine kabisa, habari ya bei ya mbao za majahazi, ambayo mhariri wangu bado ananidai. Mvua ya masika ndiyo iliyonisukuma chini ya paa la fundi mmoja mtaa wa Langoni, nimeloa mpaka daftari. Hakuniuliza jina wala shida yangu. Alisogeza magogo mawili nipate pa kukaa, akaendelea kupiga msasa.

Karibu na goti langu palikuwa na sanduku. Urefu wake shibiri mbili kasoro, mbao ya mbambakofi, kifuniko kimebinuka mgongo kama mkate ulioumuka vizuri. Pembe zake zimeshikana kwa meno yanayoumana, hakuna msumari hata mmoja. Upande wa mbele kuna waridi lililochongwa, na katikati ya waridi kijitundu cha ukubwa wa punje ya mtama. Kitasa hakuna. Tumbuu hakuna. Nikajaribu kuinua kifuniko, kikagoma.

"Usimlazimishe," fundi akasema bila kuinua macho. "Huyo hafunguki kwa nguvu. Huyo ni Liyongo."

Nikaiacha habari ya mbao za majahazi hapo hapo.

Hadithi yenyewe sina haja ya kuirudia yote, kila nyumba ya pwani inayo yake. Fumo Liyongo, jitu la kutisha na malenga wa kuogopwa, mfalme wa Pate akamtia kifungoni. Mama yake akampelekea tupa ndani ya mkate wa makapi, mkate ambao walinzi hawakuutamani. Akakata minyororo huku nje ngoma na nyimbo zikiifunika sauti ya chuma. Na mwisho wake: hakuna silaha iliyomweza ila sindano ya shaba kitovuni, na mkono ulioishika ulikuwa wa mwanawe.

Fundi alifungua fundo la kikoi chake, mahali ambapo wengine hufunga pesa, akatoa sindano ya shaba yenye urefu wa kidole cha shahada. Akaichomeka kitovuni mwa waridi. Aliisukuma taratibu, akiisikiliza, kama daktari anayetafuta mshipa. Ndani kukalia kitu, sauti ndogo ya ulimi unaopigwa kwenye kaakaa, na kifuniko kikaachia upana wa ukucha.

"Funga, nijaribu mimi," nikamwambia. Nikachomoa pini ya chuma iliyoshikilia kitambulisho changu kifuani. Ikaingia kidogo, ikagonga ukuta. Nikaizungusha. Ikagonga tena.

Alicheka mpaka akaweka msasa chini.

"La kwanza nililitengeneza na tundu lililonyooka," akaanza. "Nikajiona bingwa. Mjukuu wangu, miaka sita, akalifungua kwa njiti ya kiberiti. Niliona haya, mwanangu. Liyongo gani huyu wa kuuawa kwa njiti ya kiberiti?"

Likamchukua karibu miaka miwili swali hilo. Jibu lake liko ndani ya ubao wa mbele, na alinionyesha kwenye kipande kibovu alichokitupa kwa sababu gundi ilivuja. Ubao ule ni mbao mbili nyembamba zilizobandikwa pamoja. Kabla ya kuzibandika, kila moja huchimbwa mfereji nusu kwa patasi ndogo kuliko zote alizonazo, na mifereji ile ikikutana inakuwa njia moja isiyonyooka: inaingia, inashuka, halafu inakata kushoto. Mwisho wa njia kuna kijibao cha mkoko kilichorandwa hadi kikawa chembamba kama ukucha, kwa kuwa mkoko, anasema, hupinda ukarudi. Kijibao hicho ndicho kinachokishika kifuniko. Kikiguswa kinapinda, kikiachwa kinarudi mahali pake.

Pini ya chuma haiwezi kupita hapo, haipindi, inagonga. Shaba inapita, kwa sharti moja.

"Chuma cha kutengenezea patasi, ukikitia motoni kikawa chekundu, ukakizamisha majini, kinatoka kigumu zaidi. Shaba ni kinyume. Moto ule ule, maji yale yale, inatoka laini, inafuata njia. Lakini kila inapopinda inaanza kuwa kaidi. Ukifungua, ukafungua, ukafungua, siku moja inakukatikia humo humo. Basi mwenye sanduku hana budi kuirudisha sindano motoni mara kwa mara. Hilo siwafichi wanaponunua. Wengine hurudisha pesa mfukoni wakaenda zao."

Nikamuuliza kama alikuwa akiijua tabia hiyo ya shaba kabla ya kuanza. Aliijua, kama ajuavyo kila fundi. Asichokijua kilikuwa ni kwa nini hadithi imechagua shaba na si chuma.

"Tangu utotoni nauliza. Bibi yangu alinijibu, ndivyo ilivyosimuliwa. Mbao ndiyo iliyonijibu. Adui alikuja na mkuki ukamgonga ukarudi. Aliyepita ni yule laini, anayeijua njia ya ndani."

Sina hakika kama naafikiana naye. Shaba ina mambo yake ya kale ya uganga ambayo hayahitaji maelezo ya useremala. Lakini tangu siku ile sijaweza kuifikiria sindano ile kwa namna nyingine.

Ndani ya sanduku hamna mahameli wala hariri. Mna kipande cha tupa kuukuu, meno yamelika, kimelazwa katika kitanda kilichochimbwa kwa kipimo chake. Wateja humwomba atie kitambaa. Hatii. "Mkate wa makapi una mahameli?" Vipande hivyo vinatoka kwenye tupa za marehemu baba yake, naye alikuwa fundi, wa milango. Zimebaki nne. Nilipomuuliza zikiisha itakuwaje, alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua likizama itakuwaje.

Ana masanduku mengine yaliyotoka kwenye tungo. La Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utenzi wa wosia mwaka 1858, halina ua hata moja nje, nakshi zote zimejaa ndani ambako atakayeziona ni mwenyewe tu. La Al-Inkishafi lina safu za vidaka vidogo visivyo na kitu, mfano wa nyumba zilizohamwa za Pate. Watalii humuuliza waweke nini humo. Anawaambia wasiweke.

Ukimwambia kwamba ni jambo geni seremala kuchonga mashairi, atakutajia Muhamadi Kijuma kabla hujamaliza. Kijuma aliishi Lamu hadi mwaka 1945. Alichonga milango, alitunga, na aliwanakilia wageni tenzi kwa hati iliyowashangaza; nyingi ya nakala hizo leo ziko London. Utenzi wa Liyongo ambao wengi wetu tunaujua ni wa mkono wake, wa mwaka 1913. "Kalamu na patasi alizishika kwa mkono mmoja," fundi akasema. "Nyinyi ndio mliozigawa, huyu msanii, huyu seremala, huyu mshairi."

Nilikubali kosa kwa niaba ya waliogawa.

Liyongo mmoja alirudishwa. Mnunuzi alipoteza sindano, akaona uvivu kuagiza nyingine, akakibandua kifuniko kwa bisibisi. Waridi limepasuka kutoka kitovuni hadi ukingoni. Fundi alimrudishia pesa zote, jambo ambalo nisingelifanya, na sanduku lile liko juu ya rafu, halijatengenezwa. Vumbi limejaa kwenye ufa.

"Utalitengeneza?"

"Sijui. Kuna siku nalichukua, nalitazama, nalirudisha."

Mvua ilikuwa imeanza kupungua, punda wakarudi njiani, na kijana mmoja akapita akipiga kelele watu wampishe na mkokoteni wake. Ndipo nilipoona, nyuma ya makopo ya vanishi, Liyongo mwingine, mweusi kwa kushikwashikwa. Nikamuuliza ni la nani.

"Langu. La pili nililolitengeneza, la kwanza lenye njia ya kupinda."

"Lina tupa ndani?"

"Lina vitu."

Nikamwomba alifungue. Akasema hawezi, sindano yake hana. Anayo mwanawe, yuko Mombasa, ni fundi wa simu, useremala haukumpata. Alimkabidhi siku alipoondoka, yapata miaka minane sasa.

"Mzee," nikamwambia, "hadithi unaijua kuliko mimi. Umempa mwanao?"

Akapuliza unga wa mbao kwenye waridi, akalifuta kwa kidole gumba.

"Na nani mwingine ningempa?"

Adhana ya alasiri ikaanza msikiti wa karibu. Aliinuka akaenda kutawadha, nikabaki na sanduku lile. Nilikuwa njiani kuelekea gatini nilipokumbuka kwamba sikumuuliza kama kijana amewahi kurudi kulifungua.