Bomba la Jiko Kubwa Linapoziba

Sisi tunaopikia watu wengi, iwe kwenye mkutano wa kanisa, shule ya bweni au hospitali, tunaijua siku ile maji yanapokataa kuondoka kwenye sinki. Sahani mia mbili zinangoja, wageni wanataka chai, na maji ya masizi yanarudi juu yakielea mafuta.

Huku kwetu Mbulu na Hanang taabu hii huzidi mwezi wa Juni na Julai, na sababu yake ni baridi. Mafuta ya kondoo na ya ng'ombe hayayeyuki mpaka yapate joto la nyuzi arobaini na zaidi. Ndiyo maana supu ya kondoo huganda midomoni tungali tukiinywa. Tunapoosha sufuria kwa maji ya moto, mafuta yanateremka kama maji, yanafika kwenye bomba lililolazwa katika udongo wa baridi, na hapo yanashika ukutani. Kesho yake yananasa punje za wali, maganda ya maharage na nyuzi za steelwool. Baada ya majuma machache bomba la inchi mbili limebaki na tundu la kupitisha kidole.

Wengi wetu hukimbilia birika la maji yanayochemka. Hayo huyeyusha mafuta ya karibu na kuyasukuma mbele, yakagande mahali ambapo mkono haufiki. Tena bomba la plastiki hulegea na kupinda likimiminiwa maji yanayochemka.

Wengine hukimbilia kostiki soda, ile ile ambayo vikundi vya akina mama hutengenezea sabuni. Hapa wauguzi hatuwezi kunyamaza. Ni kweli kwamba kostiki hugeuza mafuta kuwa sabuni na bomba likazibuka. Lakini ikikutana na maji hutoa joto kali, na ikimwagwa kwenye sinki lililojaa inaweza kuruka na kumpata usoni yule aliyeinama. Mara nyingi anayetumwa kuinama ni binti mdogo kuliko wote jikoni. Ikigusa sufuria za alumini huzila na kutoa gesi inayoweza kulipuka kwa moto.

Hatari kubwa zaidi huja baadaye, pale inayobaki inapotiwa kwenye chupa ya soda na kuwekwa chini ya meza. Mtoto akinywa funda moja tu, koo huungua. Kidonda kikipona huacha kovu, kovu linasinyaa, na mtoto anashindwa kumeza hata uji. Wengine hupanuliwa koo tena na tena kwa miaka, katika hospitali iliyo mbali na kwao. Likitokea jambo hilo, tusimtapishe mtoto, wala tusimnyweshe limau au siki kwa kudhani tutaua ukali. Asukutue kinywa, apelekwe hospitali mara moja, na chombo chenyewe kipelekwe pia. Ikiingia machoni, tumiminie maji safi mfululizo kwa nusu saa nzima, hata akilia, ndipo tuanze safari.

Njia iliyo salama ni ya mikono. Tuvae glavu nzito, tuchote maji yote kwa kopo, tuweke ndoo chini ya kile kiwiko cha bomba kilicho chini ya sinki, kisha tukifungue. Mara nyingi donge zima liko hapo. Kama halipo, twende nje kwenye chemba na kuingiza waya wa kuzibulia kutoka huko kurudi jikoni. Mafuta yakishatolewa, ndipo tunamimina maji ya moto ya kuweza kugusika, yenye sabuni na magadi kidogo, yale yale tunayolainishia maharage. Tope ni jambo jingine. Maporomoko ya Mlima Hanang ya tarehe 3 Desemba 2023 yalileta tope jingi Katesh na vijiji vya jirani, na tope halina dawa ila koleo.

Mabinti zetu wanaokwenda kufanya kazi katika hoteli za Karatu na Arusha wanaweza kukutana na jiko la umeme au gesi linalooka kwa joto kavu na kupika kwa mvuke ndani ya kabati moja. Kampuni ya Rational ya Ujerumani ilitoa lake la kwanza mwaka 1976. Sakafuni pana tundu la maji lenye chujio, na mafuta ya kuku wa kuoka huishia hapo. Likiziba, lizimwe na liachwe lipoe. Mlango ufunguliwe kidogo kidogo, maana mvuke huunguza kuliko maji. Kisha chujio litolewe na uchafu uondolewe kwa mkono wenye glavu. Kostiki ya dukani isimwagwe humo hata kidogo, kwani jiko likiwashwa mvuke wake utafika usoni na kwenye chakula. Ule ukoko mweupe ni chokaa ya maji, kama wa kwenye birika, na huo aachiwe fundi.

Jiko hilo lina jambo moja la kuiga. Likifungwa vizuri, bomba lake halichomekwi moja kwa moja katika bomba la maji machafu. Huachwa nafasi ya hewa, ili uchafu ukipanda umwagike sakafuni badala ya kuingia kwenye chakula. Kwetu sinki la kuoshea mboga limeunganishwa na choo bila nafasi yoyote, halafu tunashangaa watu wanapoharisha baada ya mkutano.

Kuzuia ni rahisi kuliko kuzibua. Sufuria ipanguswe kwa karatasi au majivu kabla haijaguswa na maji, na mafuta ya supu yamiminwe kwenye debe. Penye jiko kubwa, fundi ajenge nje kisanduku cha matofali na saruji ambamo maji hutulia kwanza. Mafuta ni mepesi, yataelea, yatachotwa kila Jumamosi. Zamu ya kuchota iandikwe ukutani pamoja na zamu za kupika, na wazee wa kanisa waandikwe pia. Supu wanakunywa.