Je, wajua? Ukoka wa kahawia haujafa

Ukoka unaokauka viwanjani Temeke na Kinondoni kati ya Juni na Septemba haujafa, umejifunga. Seli mbili zinazolinda kila kitundu cha jani hunywea, kitundu hufumba, maji hayatoki ovyo. Ndani ya seli hurundikana prolini na sukari, ambazo huyashikilia maji yaliyosalia na kuzikinga protini. Utasema: mbona jani limekufa kabisa? Kweli, jani hufa. Lakini uhai umebaki kwenye vishina vilivyojificha udongoni, vyenye wanga wa akiba na vichipukizi vilivyolala. Tena ukoka hutengeneza chakula kwa njia ileile ya mahindi na muwa, inayotumia maji kidogo kuliko ya mpunga. Vuli ikinyesha, huchipua.