Tetanosi: kidonda kinafunga, taya linakaza

Mkulima anakanyaga msumari wenye kutu katika shamba la mihogo, kule Walungu ao Masisi. Anafuta damu, anaweka majani juu ya kidonda na kazi inaendelea. Kisha siku nane ao kumi, kidonda kimeshafunga, lakini taya linaanza kukaza na chakula hakipiti.

Hiyo ni tetanosi, yenye vitabu vinaita pepopunda. Jina hilo la pepo linapoteza wengi. Mgonjwa amekunja mgongo kama upinde, meno yamekazana, uso unaonekana kama wa mtu anayecheka: jamaa wanasema ni roho mbaya, wanamupeleka kwenye chumba cha maombi mbele ya kufika hospitali. Siku zinapotea.

Kinacholeta ugonjwa ni bakteria iitwayo Clostridium tetani. Mbegu zake zinadumu miaka mingi katika udongo na mavi ya wanyama. Zikiingia kwenye kidonda kirefu ambako hewa haifiki, zinaamka na kutengeneza sumu. Kutu yenyewe haina kosa. Mwiba, jembe, risasi, hata kuungua na moto, vyote vinaweza kufungua njia.

Sumu hiyo inaingia katika mishipa ya fahamu na kupanda mpaka kwenye uti wa mgongo. Huko kuna chembe ambazo kazi yao ni kuzuia misuli isivute kupita kiasi. Mtu akikunja mkono, msuli mmoja unavuta, mwenzake unaachia. Tetanosi inanyamazisha chembe hizo, na mwili unabaki kama pikipiki isiyo na breki kwenye mteremko. Misuli yote inavuta kwa pamoja. Mlango ukigongwa ao taa ikiwashwa, mgonjwa anakazana, mara nyingine mpaka mfupa unavunjika. Na akili yake iko timamu, anasikia maumivu yote. Misuli ya kupumua ikikaza, anaweza kufa.

Dawa ya kupinga sumu inakamata tu ile ambayo haijaingia kwenye mishipa. Iliyokwisha kuingia, hakuna sindano ya kuitoa. Waganga wanasafisha kidonda, wanatoa metronidazole na diazepam, wanamulaza mgonjwa penye giza na kimya, na kungoja wiki nyingi mishipa ijitengeneze upya.

Kwa mtoto mchanga, mlango ni kitovu kilichokatwa na wembe mchafu. Ananyonya vizuri siku mbili za kwanza, kisha anashindwa. Mwaka 2019, OMS ilithibitisha kwamba DRC imetokomeza tetanosi ya wamama na watoto wachanga, maana yake chini ya mgonjwa mmoja kwa watoto 1 000 wanaozaliwa hai katika kila eneo la afya. Lakini mbegu zingali udongoni, na wamama wanaokimbia vita wanazalia njiani.

Ugonjwa huu hauambukizi kutoka mtu hadi mtu, kwa hiyo chanjo ya jirani haimulindi yeyote. Hata aliyepona lazima achanjwe. Watoto wanapewa kwenye wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mama mjamzito asiyechanjwa bado anahitaji sindano mbili, zikiachana wiki nne, ya pili ikitangulia kuzaa kwa wiki mbili hivi. Aliyeumia anaosha kidonda kwa maji safi na sabuni, na kwenda kituo cha afya siku ileile.