Picha na Maneno ya Kuchangishia Fedha: Mfano wa Kolwezi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi picha na maelezo yake yanavyotumika katika tovuti za kuchangishia fedha za hisani, na jinsi picha jumuishi inavyotofautiana na picha ya huruma. Kwa picha jumuishi inakusudiwa picha inayomwonyesha mtu pamoja na jamii yake, kazi yake na hiari yake, bila kumfanya kuwa alama ya dhiki tu. Mfano unaochunguzwa ni mji wa Kolwezi, ambao tangu mwaka 2015 ni makao makuu ya mkoa wa Lualaba.

1. Usuli

Kongo ina historia ndefu katika jambo hili. Mwaka 1904, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala, baba aliyeketi akitazama mkono na mguu wa binti yake Boali aliyeuawa. Picha hiyo ilionyeshwa katika mikutano ya hadhara Uingereza na Marekani, ikawa silaha ya wapinzani wa utawala wa Mfalme Leopold II, uliokoma mwaka 1908. Yafaa kuzingatia kuwa picha hiyo ya kutisha ilimtaja baba kwa jina, ikamtaja mtoto, na ikaeleza nani mkosaji. Kwa hiyo kuonyesha mateso si kosa kwa chenyewe.

Tatizo lilijitokeza hasa wakati wa njaa ya Ethiopia ya 1984-1985, ambapo mtoto aliyekonda, asiye na jina wala wazazi, alikuwa sura ya Afrika nzima. Mwaka 1989 mashirika yasiyo ya kiserikali ya Ulaya yalipitisha kanuni za maadili kuhusu picha na ujumbe. Kanuni hizo zilifanyiwa marekebisho mwaka 2006, nazo zinasisitiza utu, usawa na ridhaa ya anayepigwa picha.

2. Hali ya Kolwezi

Januari 2016, Amnesty International na Afrewatch zilitoa ripoti iliyoeleza kazi za watoto katika uchimbaji wa kobalti kwa mikono. Kabla ya hapo, mwaka 2014, UNICEF ilikuwa imekadiria kuwa watoto wapatao 40,000 walifanya kazi katika migodi ya kusini mwa nchi. Picha ya mtoto aliyebeba gunia la mawe imekuwa mojawapo ya picha zinazoutambulisha mji huo ughaibuni.

Jambo linaloonyeshwa ni la kweli, lakini si kamili. Nje ya fremu wamebaki wanawake wanaoosha na kuchambua mawe, wakazi wa mtaa wa Kasulo waliochimba chini ya nyumba zao, wafanyabiashara wanaopanga bei, na wazazi walioshindwa kulipa ada ya shule. Mtazamaji humhurumia mtoto bila kujua ni nini kilichompeleka mgodini.

Isitoshe, picha hiyo ina hatari zake. Sheria ya Kongo ya Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inakataza aina mbaya kabisa za kazi za watoto. Uso unaotambulika unaweza kumletea mtoto dhihaka shuleni na kuwaletea wazazi wake matatizo. Tena, picha ikishaenea katika intaneti haiwezi kurudishwa: mtoto hukua akawa mtu mzima, huku uso wake wa utotoni ukiendelea kuomba.

Ipo njia nyingine. Msanii Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, katika mfululizo wake uitwao Mémoire wa mwaka 2006 aliweka picha za zamani za wafanyakazi juu ya mandhari ya magofu ya viwanda vya madini. Mtazamaji hulazimika kuuliza nani alijenga na nani alinufaika. Kwa njia hiyo mtu na sababu za hali yake huonekana pamoja.

3. Maneno yanayoandamana na picha

Maelezo ya picha nayo yanahitaji uchunguzi wa kiisimu. Kwanza, kitenzi. “Mtoto anasaidiwa” humfanya mtoto kuwa mtendwa. “Mtoto anasoma” humfanya kuwa mtenda, ingawa picha ni ile ile.

Pili, majina ya watu. Kipofu, kiziwi na kiwete yako katika ngeli ya ki-/vi- kimofolojia, lakini hufuata upatanisho wa viumbe: kipofu anatembea. Kiambishi ki- peke yake hakimdunishi mtu, kwani kiongozi na kijana vilevile wanacho. Kinachodunisha ni kumtaja mtu mzima kwa upungufu wake mmoja. Ndiyo sababu sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 inasema “watu wenye ulemavu”, ikitanguliza mtu.

Tatu, tofauti za kilahaja. Katika Kiswahili cha Katanga, katoto na tutoto ni udogoshaji wa kawaida. Msomaji wa pwani aweza kuyasikia kama maneno ya dharau au ya kubembeleza. Mwandishi wa tovuti hana budi kujua anawaandikia wasomaji gani.

Nne, neno lenyewe. Msaada hutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Mchango, unaotokana na kitenzi changa, hudokeza watu wengi wanaotoa kwa pamoja. Wakongo wanaochangiana katika likelemba na katika misiba ni watoaji pia, ila ni nadra kuonekana hivyo katika tovuti hizo.

4. Hitimisho

Picha jumuishi haifichi dhiki. Huieleza kwa ukamilifu zaidi. Kabla ya kuitangaza, yapasa kuulizwa: Je, mhusika ameelezwa itakapoonekana, tena kwa Kiswahili anachokisema nyumbani na si kwa Kifaransa cha fomu tu? Je, aweza kukataa bila kunyimwa huduma? Je, yeye mwenyewe angeyakubali maneno yaliyoandikwa chini yake? Pasipo majibu hayo, saini yake haiwezi kuitwa ridhaa.