Mbwa Mwitu wa Wote, Hasara ya Mmoja

Novemba 2020 wananchi wa jimbo la Colorado, Marekani, waliamua kwa kura, kwa tofauti ndogo mno, mbwa mwitu warejeshwe baada ya kuangamizwa huko kufikia miaka ya 1940. Huyu, ndugu msomaji, si yule wa mbuga zetu. Desemba 2023 wakaachiliwa 10 wa mwanzo, waliokamatwa Oregon.

Wengi walioridhia huishi mijini. Wanaoamka na kukuta ndama wameraruliwa ni wafugaji wa milimani. Ndipo ikawekwa fidia: bei ya soko ya mnyama, isiyozidi dola 15,000, kutoka mfuko wa dola 350,000 kwa mwaka.

Ugumu umo katika ushahidi. Afisa hutafuta alama za meno na damu iliyovilia chini ya ngozi. Mzoga ukishaliwa na dubu na ndege, dalili hupotea. Tena ng'ombe waliotishwa hupungua uzito, na mimba huwa haba. Kanuni zaruhusu kudai hata hayo. Lakini madai ya wafugaji wachache tu kwa mwaka 2024 yaliupita mfuko mzima.

Kwetu malipo haya huitwa kifuta jasho na kifuta machozi. Majina yenyewe yakiri kuwa hayalingani na hasara. Sisi twaona haki haiishii kwenye hundi: aliyetaka mnyama aishi na achangie pia ulinzi wa mifugo, kabla ya machozi kumwagika.