Fahamu: Kukoroma si dalili ya usingizi mnono
Anayekoroma husemwa amelala fofofo. Msikilize vizuri: mkoromo unakatika, kifua kinahangaika bila hewa kupita, kisha anashtuka na kuvuta pumzi kwa kishindo. Koo lilikuwa limeziba; hii ni dalili ya ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Kila hewa inapokatika au kupungua mno kwa sekunde 10 au zaidi, huhesabiwa mara moja. Ikifika mara 30 kwa saa, ugonjwa ni mkali, na mara nyingi presha ipo pia. Kipimo hufanyika usiku, hata nyumbani, kwa kifaa cha kidoleni na mkanda wa kifuani. Kuhusu tiba, wapo wanaosema barakoa ya mashine ya kusukuma hewa, aliyoibuni Colin Sullivan nchini Australia, inakera. Ni kweli, lakini mara nyingi tatizo ni saizi, nayo hubadilishwa. Dawa ya tirzepatide, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2024 kutibu ugonjwa huu, ni ya wenye unene uliokithiri; wembamba nao huugua.