Mwangwi Umebaki, Mwimbaji Hayupo

Kinanda nilikisikia. Fidla nazo zilikuwapo. Mwimbaji wa taarabu ndiye hakuwapo; mahali pake palibaki mwangwi tu, kama anaimbia kisimani, nyumba ya tatu. Nikafungua hadithi za bibi, nilizomrekodi kwa simu kabla hajafariki. Kimya. Faili kumi na moja, zote kimya.

Spika za kompyuta yangu mpakato zilikufa zamani, na simu iliyorekodi iliibiwa. Nilikuwa na hedifoni tu. Nikazima na kuwasha, nikafuta draiva ya sauti na kuipakia upya. Kufikia alfajiri niliamini nimempoteza bibi mara ya pili.

Fundi wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, hakuigusa kompyuta kwanza. Aliuliza swali moja: "Nyimbo zinapiga lakini mwimbaji hasikiki?" Nikasema ndiyo. "Basi bibi yako yupo, dada."

Akaichomoa pini, akaielekeza kwenye taa. Ni kitu cha milimita 3.5, mjukuu wa pini nene walizochomeka wafanyakazi wa vituo vya simu tangu karne ya 19. Ncha hupeleka sauti ya kushoto, pete inayofuata hupeleka ya kulia. Sehemu ya tatu, ambayo mafundi huiita ethi, ni njia ya kurudia ya masikio yote mawili. Yangu ilikatika shingoni mwa pini, pale ninapoizungushia waya kila jioni.

"Umeme ukikosa njia ya kurudi, unaingilia sikio hili unatokea lile," akasema. Masikio hubaki kusikia tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Kilicho sawa pande zote hujifuta, kama timu mbili zinazovuta kamba kwa nguvu moja: kamba haisogei. Mwimbaji huwekwa katikati, sawa kwa sawa, kwa hiyo huondoka, na besi humfuata. Fidla ya pembeni husalimika. Mwangwi wa mwimbaji pia husalimika, kwa sababu hutawanywa kushoto na kulia kwa namna mbili tofauti. Bibi alirekodiwa kwa maikrofoni moja. Kushoto kwake na kulia kwake ni kitu kimoja. Hakubaki hata mwangwi.

Nilimwomba anieleze tena. Badala yake akatoa hedifoni nzima za simu ya zamani, zenye maikrofoni, akazichomeka. Mwimbaji hayupo. "Sasa bonyeza kitufe cha kupokelea simu, ukishikilie." Mwimbaji akarudi, karibu kabisa, pumzi zake zikasikika. Nikaachia, akatoweka. Hedifoni hizo hazina ubovu: zamani baadhi ya viwanda viliweka ethi na maikrofoni kwa mpangilio uliopinduka, na kitufe kile huziunganisha. Nilibonyeza na kuachia mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Fundi aliniacha.

Kinachomsumbua ni watu kuanzia kwenye draiva. Yeye huchomeka hedifoni kwenye kifaa kingine, kisha hedifoni nyingine kwenye kompyuta hiyo hiyo. Hapo mgonjwa hujulikana. Humulika tundu kwa tochi, maana vumbi na nyuzi za mkoba huzuia pini isifike mwisho. Ndipo hutazama ni kifaa gani kimechaguliwa kutoa sauti. Kwa zile zisizo na waya, muziki ukigeuka sauti ya simu ghafla, huzima maikrofoni ya hedifoni na kutumia ya kompyuta, kwa kuwa kusikia na kusema kwa pamoja hupunguza ubora. Draiva huja mwisho.

Akakata waya chini ya jeraha, akaunguza rangi inayofunika nyuzi za shaba nyembamba kama nywele, akachoma lehemu kwenye pini mpya. Nikamuuliza ni wangapi wamefuta rekodi za wazee wao wakidhani ni tupu. "Wanaoletwa hapa na hedifoni ndio ninaowajua," akasema. "Waliofuta wataleta nini?"

Akanivalisha. Bibi akasema "Paukwa", na nyuma yake jogoo akawika. Nilijibu kwa sauti, mbele ya wateja.

Faili kumi zimesema. Ya saba bado kimya. Fundi aliisikiliza hadi mwisho, dakika nne nzima, kisha akatikisa kichwa: "Hiyo si waya, dada." Sijaifuta.